Barakoa ya Stara na Barakoa ya Kificho

Leo nataka kuzungumza na ndugu zangu wasomaji juu ya jambo ambalo pengine mtastaajabu kulisikia kwa mtu wa Musoma, tena mwalimu wa chuo aliyekwisha kupita miaka sitini. Jambo lenyewe ni dansa la barakoa katika kasri ya wafalme. Msifanye haraka kufunua ukurasa wa pili. Mimi mwenyewe nilifanya haraka, na haraka yangu ikaniaibisha, kama mtakavyoona.

Ninakaa Iringo, hapa Musoma mjini, mji uliochomoza ndani ya ziwa kama ulimi. Nina mwanafunzi wangu wa zamani ambaye alianza kwangu alifu akiwa hajui kufunga viatu, akahitimu Qur'ani, akaolewa, akafiwa, na sasa analea watoto wawili kwa cherehani yake. Siku moja baada ya Alasiri alikuja barazani kwangu, akaniamkia, akaketi kwenye jamvi, akakaa kimya kitambo kama mtu mwenye neno zito.

"Maalim," akasema, "nimepata kazi kubwa. Kuna binti anafanya sherehe ya kuzaliwa kwake ukumbini. Anataka magauni kumi na mawili ya kizamani ya Kizungu, na barakoa kumi na mbili za kufunika macho, zenye shanga na manyoya. Ukumbi utapambwa uwe kama kasri, na hawataanza mpaka usiku umeingia. Nusu ya fedha ameshanipa. Nami nadaiwa kodi ya fremu miezi miwili. Nimekuja kuuliza, fedha hii nile au nisile?"

Nikafungua kinywa kusema haramu. Akaniwahi kwa adabu: "Maalim, kabla hujasema, tazama kwanza kile wanachokiiga." Akanyoosha simu yake. Basi nikavaa miwani, nikatazama.

KITU CHENYEWE NI NINI

Nilichokiona ni sherehe inayofanywa huko Ufaransa katika kasri ya Versailles, karibu na Paris. Kwa miaka mingi sasa, mwezi wa Juni, hufanywa pale dansa kubwa la barakoa. Wageni wa mchana wakishaondoka, jua likazama, taa zikawashwa bustanini na fataki zikapigwa, ndipo watu wa dansa huingia. Hukusanyika katika ukumbi mkubwa wa mawe uliojengwa katika miaka ya 1680 kuwa nyumba ya kuhifadhia michungwa ya mfalme isife kwa baridi. Wakati wa joto michungwa hutolewa nje ikaota jua, na ukumbi ukabaki mtupu. Humo hupigwa muziki, huchezwa michezo ya jukwaani, na watu hucheza mpaka alfajiri. Sharti ni mbili: vazi la zama za wafalme, na barakoa usoni. Asiye navyo haingii.

Desturi hii si ngeni pale. Mwezi wa Februari mwaka 1745 mfalme Louis wa Kumi na Tano alifanya dansa la barakoa katika kasri hiyohiyo kwa ajili ya arusi ya mwanawe. Yeye na wenzake saba walitoka wamevaa mfano wa miti, ile miti ya bustani inayokatwa kwa mkasi ikawa na umbo. Miti minane yote sawasawa, na watu wasijue mfalme ni mti upi. Wanaopamba sherehe ya leo wanaitafuta ladha ya usiku kama ule.

SIFA ZAKE

Mhakiki asiyetaja uzuri wa kitu hasadikiwi akitaja ubaya wake. Basi nitasema kweli niliyoiona.

Kwanza, kazi ya mikono iliyomo ni kubwa. Mwanafunzi wangu alikuwa akinionyesha kwa kidole: tazama mkunjo ule, tazama utepe ule, gauni lile limekula kitambaa mikono mingapi. Hakuwa akitazama dansa hata kidogo. Alikuwa akitazama mshono. Nami nikasema moyoni, kila mtu huona kwa jicho la kazi yake, na jicho hili la fundi halina dhambi.

Pili, jumba la kale haliwi hai kwa kufungiwa. Nyumba isiyoingiwa na watu huingiwa na mchwa. Wenzetu wamejua kwamba mawe ya babu zao yanahitaji matengenezo, na matengenezo yanahitaji fedha, na fedha hutoka kwa watu wanaokuja.

Tatu, na hili lilinichekesha. Mlangoni Versailles mtu akiambiwa vazi lako si la hapa, hurudi alikotoka bila ya neno, na pengine hukodi jingine akaja tena. Haulizi uhuru wake uko wapi. Ama kwetu, mama akimwambia bintiye, au baba akimwambia mwanawe wa kiume, "nenda kabadilishe nguo ndipo utoke," nyumba nzima itajua kwamba haki za binadamu zimevunjwa! Basi tuseme wazi kwamba hakuna mkusanyiko duniani usio na sharti la vazi. Watu hawakatai sharti, hukataa mwenye kuliweka.

KASORO ZAKE

Sitapoteza wino juu ya ulevi na mchanganyiko wa wanaume na wanawake usiku kucha. Hayo msomaji wa gazeti hili anayajua hukumu yake bila ya kufundishwa. Anajua pia kwamba Mtume (S.A.W.) alichukia maongezi ya bure baada ya Isha, na starehe inayokwisha alfajiri huipokonya Sala ya Subhi watu wake. Nataka kusema juu ya barakoa yenyewe, kwa sababu ndiyo roho ya mchezo. Bila ya barakoa ile ni dansa kama dansa nyingine.

Barakoa ile inafanya kazi gani? Haimkingi mtu na macho ya watu, kwani aliyeivaa amejipamba khasa ili atazamwe. Kazi yake ni kukitenga kitendo na jina la mwenye kukitenda. Utacheka na usiyemjua, utanena usilothubutu kulinena, na kesho utapita njiani na uso wako mwingine, hapana atakayekuuliza. Usiku ule wa 1745, wenye khabari za wafalme husimulia, ndipo ulipoanza uhusiano wa mfalme, mwenye mkewe nyumbani, na mke wa mtu mwingine, yule aliyekuja kujulikana kama Madame de Pompadour. Mti hauna mke, na hauulizwi.

Wala si zinaa peke yake inayopenda giza hilo. Tarehe 16 Machi 1792 mfalme Gustav wa Tatu wa Sweden alikwenda dansa la barakoa katika jumba la michezo mjini Stockholm. Akazungukwa na watu waliovaa barakoa, na mmoja wao akampiga risasi kwa nyuma. Mfalme akafa baada ya siku kumi na tatu. Muuaji alitafuta mahali ambapo mtu mwenye uso uliofichwa hatiliwi shaka, naye akapapata. Na kabla ya hapo, Januari mwaka 1393 mjini Paris, mfalme Charles wa Sita na wenzake watano walijipaka ulimbo, wakajibandika katani, wakajifanya watu wa mwituni na kucheza mbele ya wageni. Mmoja wa wageni akasogeza mwenge karibu apate kujua walio ndani ya vazi lile ni nani. Moto ukashika. Wanne wakafa, mmoja akajitupa ndani ya pipa la maji akaokoka, na mfalme akaokolewa na mama mdogo wa ukoo wake aliyemfunika kwa nguo zake. Tazameni ajabu hii: waliokufa walikufa kwa kuwa hawakujulikana, na aliyeokoka aliokoka kwa stara ya vazi la mwanamke mwenye huruma. Katika usiku mmoja nguo ya kificho iliua, na nguo ya stara ikaponya.

Kasoro ya pili ni hii. Katika dansa zima lile sikumwona mtu aliyekuja amevaa kama mpishi. Wote ni mabwana na mabibi. Hapana mchota maji, hapana mfagiaji, hapana mjenzi. Ilhali inasimuliwa kwamba mwaka 1685 watu wapatao 36,000 walikuwa kazini pale Versailles, wakichimba, wakibeba na kujenga, na wengi wakafa kwa homa na ajali. Na Oktoba 1789 wanawake wa Paris walikwenda kwa miguu mpaka kasri ile katika mvua wakidai mkate, na kesho yake mfalme akatoka asirudi tena. Haya hayamo katika dansa. Kumbe si wageni peke yao waliovaa barakoa usiku ule, hata kasri imeivaa. Imefunika uso wake wa njaa, ikabakisha uso wa taa.

Wasomaji mnakumbuka khabari ya Karuni katika Suratul Qasas. Aliwatokea watu wake katika mapambo yake, na waliotamani dunia wakasema laiti nasi tungepata kama yake. Waliopewa elimu wakawaonya. Kisha ardhi ikammeza yeye na nyumba yake, na wale waliotamani jana wakaamka wakimshukuru Mungu kwa kutopewa. Dansa lile ni sauti ya watu wa jana yake: laiti ningekuwa kama Karuni, japo kwa usiku mmoja, japo kwa kukodi.

BARAKOA TULIYOIRITHI

Hapo mtu wa Unguja au wa Lamu ataniuliza: Sheikh, mbona neno lenyewe ni letu? Ni kweli, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Barakoa ni neno letu tangu kale, asili yake Kiarabu, burqu'. Mabibi wa nyumba za kifalme za Unguja, kama wenzao wa Oman, walivaa barakoa ya kitambaa kilichotiwa nakshi, ikifunika paji la uso na pua, na macho yakabaki wazi. Picha ya Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, inajulikana na wengi. Baadaye neno hilohilo likavaliwa na kila mtu, mwanamume na mwanamke, yalipokuja maradhi ya korona mwaka 2020. Hata huku ziwani wachuuzi wa dagaa wakajifunza kusema barakoa.

Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya kufunika uso, na si makusudio yangu kuingia humo. Ninachotaka kuonyesha ni kazi ya kitambaa. Barakoa ya bibi wa Unguja haikumfanya asijulikane. Watu wa nyumba yake, jirani zake na wajakazi wake wote walijua huyu ni binti fulani, mke wa fulani. Akitenda jema ni lake, akitenda baya ni lake. Ilikuwa ikisema: mimi nipo, jina langu mnalijua, lakini uso wangu si bidhaa ya njiani. Barakoa ya korona nayo ilimkinga jirani na pumzi yangu, wala haikunificha. Hizi zote mbili ni stara. Ile ya dansa ni kinyume chake: inasema mwili wangu tazameni mtakavyo, lakini jina langu hamtalijua. Basi usidanganywe na neno moja. Kisu cha kuchinjia na kisu cha mwizi vyote ni visu.

Na tusiseme kwamba sisi hatukuwa na michezo ya kujivika. Wazee wa Lamu, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wanaikumbuka khabari ya ngoma ya beni, iliyoanza pwani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa ikasambaa mpaka bara. Watu walivaa mavazi ya kijeshi na ya kibaharia, wakajipa vyeo vya ufalme na ujemadari, wakatembea barabarani kwa matarumbeta, wakashindana Marini na Arinoti. Masheikh wengi waliikemea kwa israfu na ushindani wake, na walikuwa na haki. Lakini jambo moja la beni nalitaja kwa insafu: uso ulikuwa wazi. Hamali akiwa jemadari Jumapili, mtaa mzima ulijua jemadari huyu ni hamali wetu, na kesho yake alidaiwa deni lake la duka kama kawaida. Mchezo ulikuwa na mwenyewe.

KASRI ZETU NA UKWELI WAKE

Sasa nawageukia ndugu zangu wa pwani, kwa kuwa ninyi ndio wenye kasri. Sisi huku Mara kumbukumbu yetu kubwa iko Butiama, nayo si ya mfalme. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yalifunguliwa pale mwaka 1999, kijijini kwake alikozaliwa na kuzikwa, na mgeni hana cha kujivika akifika. Huona maisha ya mtu aliyetawala nchi. Ninyi mna Beit al-Ajaib, mna Beit al-Sahel, mna magofu ya Mtoni, mna Ngome Kongwe ya Unguja na Ngome ya Yesu ya Mombasa.

Nanyi pia mmeshaanza kuyafungua majumba usiku. Ngome Kongwe imekuwa uwanja wa tamasha la filamu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na wa tamasha la Sauti za Busara tangu mwaka 2004. Ngome ya Mombasa nayo imewahi kufanyiwa maonyesho ya taa na sauti baada ya saa za makumbusho, wageni wakipokewa na watu wenye kanzu na mienge, kisha wakaandaliwa chakula uwanjani chini ya nyota. Sisemi ni dansa la barakoa. Nasema mlango uliofunguliwa ni uleule, na kila aliyefungua mlango huu ataulizwa siku moja: kwa nini tusivae na sisi kama masultani na mabibi, usiku mmoja tu?

Jibu langu ni hili. Ikiwa mtayafungua usiku, yafungueni na nyuso zake zote. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, jumba la fakhari, lenye nguzo na taa za umeme. Lakini utumwa Unguja haukufutwa katika sheria mpaka mwaka 1897. Hesabuni wenyewe miaka iliyo baina yake, mjue ni mikono ya nani iliyofagia kumbi zile. Sayyida Salme ameandika katika kitabu chake, kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, kwamba Mtoni walikuwa wakikaa watu wapatao elfu moja. Watoto wa Sultani walikuwa wachache ndani ya elfu hiyo. Waliobaki ni nani? Atakayejivika kama Salme usiku, atajivika nani kama aliyemchotea maji ya kuoga?

Na tuseme kweli inayouma. Stara yetu wenyewe ilikuwa na doa. Mjakazi hakuruhusiwa kujifunika kama bibi yake. Barakoa ilikuwa haki ya mwungwana, na kichwa wazi kilikuwa alama ya mtumwa. Ndiyo maana utumwa ulipofutwa wanawake wengi walikimbilia ukaya na buibui, wakafurahi kufunika kile walichokatazwa kukifunika. Stara iliyogawiwa kwa nasaba si stara ya Kiislamu. Ni kiburi kilichovaa nguo ya dini. Na Qur'ani katika Suratun Nur ilianza kuwaamrisha wanaume wainamishe macho yao kabla haijawageukia wanawake. Sisi tumeigeuza, tukaanza na kitambaa cha mwanamke tukasahau jicho la mwanamume.

Hata Ngome ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593 na kutekwa na Waomani mwaka 1698, ilikuwa jela tangu 1895 mpaka 1958. Mle mnamoliwa kamba kwa mshumaa, watu walilala na minyororo. Na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa matengenezo, watu wawili wakafa. Sikusikia kwamba kuna atakayejivika kama wao. Hao ndio walio chini ya barakoa ya jumba, na mwenye kupamba onyesho la usiku bila ya kuwataja amecheza dansa la Versailles, hata kama kila mgeni amevaa kanzu na ukumbi hauna tone la mvinyo.

KILICHONIPATA

Sasa narudi barazani Iringo, kwa sababu niliahidi kusema aibu yangu.

Yale niliyoyasema hapo juu juu ya kificho na stara nilimweleza mwanafunzi wangu siku ile, kwa urefu, na nilijipendeza mwenyewe kwa maneno yangu. Nikamaliza nikisema kwamba Mtume (S.A.W.) amemtaja mtu mwenye nyuso mbili, awaendeaye hawa kwa uso huu na wale kwa uso ule, kuwa ni katika watu waovu kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakunja ncha ya mtandio wake, akasema kwa sauti ndogo:

"Nisamehe, Maalim. Ile sherehe ya mwaka juzi ya yule tajiri, nguo za wale wasichana waliocheza jukwaani nilizishona mimi. Ulikuwapo. Ulisoma dua, ukala, ukaondoka taa zilipoanza kuzimwa. Ijumaa yake nilingoja niskie utasema nini. Hukusema kitu. Mimi sikuuliza, maana nilidhani pengine inajuzu. Leo mimi nina magauni kumi na mawili, na hukumu imekuwa tayari kabla sijamaliza kueleza."

Ndugu zangu, nilitazama jamvi. Mwenye sherehe ile ni mtu anayechangia chuo chetu kila mwezi. Nilijua nilichokiona, na nilijua kwa nini nilinyamaza. Nilikuwa nimevaa barakoa, tena bila ya shanga wala manyoya, na watu wakaiita kilemba.

Nilimwambia, "Umesema kweli, mwanangu. Nipe siku tatu."

Siku ya pili nilikwenda kwa tajiri yule. Nikamwambia, peke yetu, maneno ambayo ilinipasa kumwambia mwaka juzi, nikamwomba radhi kwa kuyachelewesha. Alinisikiliza mpaka mwisho wala hakunitukana, lakini hakufurahi, na mchango wake wa mwezi ule haukuja. Watoto wa chuo walikosa juzuu mpya, wakasoma mbilimbili katika moja. Nayaandika haya ili msidhani kuvua barakoa hakuna gharama.

Siku ya tatu nilimjibu fundi wangu. Sikumpa fatwa, maana wapo wenye elimu kunizidi. Nilimpa maswali matatu, nami nawapa nanyi, myatumie kwa kila sherehe itakayopigwa hodi nyumbani kwenu:

(1) Nani atatazama, na ametazamishwa nini?

(2) Je, kila atakayefanya jambo usiku huo atakuwa radhi jina lake litajwe asubuhi mbele ya mama yake?

(3) Atakayepika, atakayefagia na atakayeshona amelipwa haki yake, na anaheshimiwa kama mgeni?

Gauni, nilimwambia, ni nguo. Mwanamke anaweza kulivaa mbele ya wanawake wenzake au nyumbani kwa mumewe, na mshono wako ni halali yako. Barakoa ile haina kazi ila moja, na hiyo tumekwisha kuiona.

Alikwenda kwa yule binti, akamwambia magauni nitashona, barakoa sitashona, na fedha ya barakoa hii hapa. Binti alikasirika kidogo, akachukua fedha yake, akaagiza barakoa kwingine. Sherehe ikafanyika. Mwenye fremu akapewa kodi ya mwezi mmoja, na mwezi wa pili akasubiri. Hivyo ndivyo ilivyokwisha. Wala sikuongeza chumvi.

Lakini alipokuja kunipa khabari hizo alinicheka kidogo. Akasema, "Maalim, yule binti ameniuliza swali moja nikashindwa kumjibu. Ameniuliza, kama barakoa ni mbaya, mbona watu wazima huvaa zao kila siku?"

Nami sikuwa na jibu ila hili ninaloliandika hapa. Twende tukajitazame kwenye kioo, kila mtu na chake, kabla hatujaenda kuwatazama vijana ukumbini. Mwenyezi Mungu atustiri aibu zetu, na asitufanye katika wanaozificha ili waendelee nazo. Wabillahi tawfiq.